Kinachoifanya Shule Kuwa Mahame

Ndugu zangu wa Kisumu wakiona zile video za vijana wa Marekani wanaopenya na tochi ndani ya shule zilizofungwa, huniuliza swali moja: jengo la matofali kama lile, lenye ukumbi na bwawa la kuogelea, linaachwaje lioze wakati kwetu watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja? Naishi Indiana, karibu na mji wa Gary, na swali hili linanikera kwa sababu jibu tunalopenda kulitoa kwenye vikundi vya WhatsApp, kwamba Wazungu wana mali ya kutupa, si la kweli.

Gary ulianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, kwenye mchanga wa ufuo wa Ziwa Michigan. Shule zake zilisifika. Msimamizi wa elimu, William Wirt, aliweka utaratibu wa makundi ya watoto kupokezana madarasa, karakana, viwanja na ukumbi mchana kutwa, pasiwe na chumba kinachokaa bure. Miji mingine ikaiga. Kufikia 1960 Gary ulikuwa na watu 178,000 na ushei. Sensa ya 2020 ilikuta kama 69,000.

Kazi za chuma zilipungua, ndiyo. Lakini mpasuko ulianza zamani, na ulianzia shuleni. Mwaka 1927 wanafunzi Wazungu wa shule ya Emerson waligoma kwa kuwa watoto weusi walikuwa wamehamishiwa kwao. Wakuu wa mji wakawasikiliza wagomaji, watoto weusi wakaondolewa, na baadaye ikajengwa Roosevelt, shule ya weusi. Mwaka 1967 mji ulimchagua Richard Hatcher, mtu mweusi, kuwa meya, na Wazungu wakazidi kuhamia vitongoji vya nje. Emerson ilifungwa 2008. Roosevelt nayo ilipasukiwa mabomba katika baridi kali ya mwanzoni mwa 2019, wanafunzi wakapelekwa kwingine, na 2020 ikafungwa kabisa.

Mwenzangu wa kazini, mzee aliyezaliwa Gary, alinipeleka kuona shule mojawapo iliyofungwa. Rangi imebanduka ukutani kwa vipande vipana kama viganja. Dari imeanguka juu ya viti, na viti bado viko kwenye mistari. Ramani ya dunia ingali inaning'inia. Vitabu vimelowa vikavimba. Kuna mti umeota ndani ya chumba, umeinama kuelekea dirishani kutafuta mwanga. Nilidhani atanisimulia habari za walimu wake. Badala yake alianza kuwataja waliohama mtaani kwao, nyumba kwa nyumba: daktari, mwenye duka la dawa, karani wa benki, mama aliyekuwa akisimama katika kila mkutano wa wazazi mpaka mkuu wa shule ajibu. Hao ndio waliotangulia kuondoka. Waliobaki waliipenda shule vilevile, ila hakuna ofisi iliyokuwa ikipokea simu zao.

Tena kuna hesabu. Shule za huku zinategemea kodi ya nyumba za eneo lenyewe pamoja na pesa ambazo jimbo hutoa kwa kila mwanafunzi. Familia ikihama, inahama na fungu lake. Lakini jengo halipungui: ni lazima lipashwe joto lote wakati wa baridi, wawe watoto elfu moja au mia mbili. Siku inafika gharama ya joto pekee inaishinda shule.

Sasa tuje kwetu. Kiwanda cha Miwani, cha kwanza cha sukari Kenya, kilianza mwaka 1922 na kikawekwa mwaka 2001 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa na madeni. Kwa mantiki ya Gary, vijiji vya pale vingepaswa kuwa vitupu. Havikuwa. Mkulima wa miwa ana shamba, na kando ya nyumba pana makaburi ya wazee wake; angehamia wapi? Watoto waliendelea kuja shuleni asubuhi, wengine bila karo ya mtihani, wengine bila sare, lakini walikuja. Huko nyanda za Kano, Kisumu, mto Nyando unapofurika, madarasa hujaa tope, nao wazazi hubeba madawati vichwani hadi kwenye mwinuko ili masomo yaendelee chini ya mti. Darasa likishindikana kabisa, mabati yake hayamalizi mwezi. Yanavuliwa na kupigiliwa penginepo pamoja na misumari yake iliyonyooshwa. Hakuna wa kuja na tochi kupiga video, maana hakuna kilichoachwa.

Sisemi haya kupamba dhiki. Mtoto wa Gary ana basi la shule na chakula cha mchana, na wa Kano anastahili hayo pia.

Ninachoogopa ni kwamba kuna njia nyingine ya kuhama, ambayo mtu haihitaji kuuza nyumba. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yakafurika, na wazazi wenye uwezo wakahamishia watoto wao kwenye akademi, yaani shule za binafsi. Karo ya baadhi ya akademi hizo inatoka kwetu sisi wa majuu, kwa M-Pesa, kila muhula. Serikali huitengea shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo mtoto akihama fungu hilo nalo linakwenda. Ni pesa kidogo. Hasara kubwa ni mzazi anayejua kusoma hesabu za shule, anayeweza kumpigia simu mbunge kuhusu paa la darasa la tatu na akajibiwa. Yule daktari wa Gary, kwetu yupo bado. Analala palepale kijijini, ila asubuhi mtoto wake anachukuliwa na gari la manjano.

Dada yangu aliniambia, "Kaka, mtoto hangoji shule itengenezwe." Ana haki. Mtoto ana utoto mmoja, nami sitamwambia mzazi yeyote amtoe mwanawe anakofundishwa vizuri.

Ninachoomba ni kwamba mzazi asijitoe pamoja na mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa kila shule ya umma bodi ya usimamizi, na nafasi katika bodi hiyo si za wazazi peke yao. Makundi maalumu ya jamii nayo yana mwakilishi wake. Ulizeni ni nani anawawakilisha pale mlikosomea. Mnaochanga karo ya akademi, chukueni hata sehemu ya kumi mnunue simiti ya ile shule ya kijijini, kisha mdai risiti mbele ya watu.  Katika mkutano wa muhula wa kwanza, simu moja iwekwe juu ya meza ya mwalimu mkuu, sauti ifunguliwe, na sisi tulioko huku tukae macho usiku huo tusikilize hesabu zikisomwa na tuulize maswali.