Baba Hajaenda kwa Mungu, Yuko Chuo

Mwezi wa sita mwaka jana jirani yangu mpya alipiga hodi jioni, amejitanda kanga, mkononi kilo ya sukari. Kiti alikikataa, akakaa mkekani, akanyamaza. Mimi nilikuwa kwenye cherehani na sketi za shule kumi na mbili za kumalizia kabla shule hazijafunguliwa, nikadhani kaja kupimwa nguo. Baadaye ndipo akasema, "Pole sana, mama. Mimi mgeni hapa mtaani, sikujua. Mtoto ndiye kaniambia."

"Kakuambia nini?"

"Kwamba baba yake ameenda kwa Mungu."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Mume wangu ni mzima wa afya, yuko chuo cha theolojia huko mkoa wa Arusha, na jioni ile ile alikuwa ametuma ujumbe kuuliza kama luku ya umeme imeisha. Jirani naye akacheka, ila sukari yake alikataa kuirudisha. "Baki nayo tu. Watoto watatu peke yako, huo nao ni msiba."

Usiku sikucheka tena. Nilimuuliza wa kati, wa miaka minne, huku namvua viatu: nani kakwambia baba yuko kwa Mungu? Akawataja mmoja mmoja. Bibi. Mwalimu wa shule ya Jumapili. Mzee wa kanisa aliyempa pipi. Na mimi. Halafu akauliza, "Mama, Mungu anakaa Arusha?" Nikasema hapana, Mungu yuko kila mahali. Akafikiri kidogo. "Sasa mbona baba hasomi hapa?"

Tangu siku hiyo nimepiga marufuku nyumbani kwangu kujibu swali la "baba yuko wapi" kwa maneno "kazi ya Mungu". Baba yuko shule. Anasoma, anafanya mitihani, ana likizo, na likizo ikifika anapanda basi la alfajiri anakuja zake kupitia Babati na Kondoa. Mtoto anaweza kuikasirikia shule na shule isidhurike. Ila ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba Mungu ndiye aliyemchukua baba yake, hasira zake unazielekeza wapi? Tunakwenda kumlea mtoto wa mchungaji ambaye ana kesi na Mungu kabla hajajua kusoma. Mnawajua watoto wa wachungaji waliokimbia kanisa. Na mimi nawajua.

(Nikisema "seminari", bodaboda wangu huuliza kama mapadri siku hizi wanaoa. Hapa kwetu ukitaja seminari watu wanawaza Wakatoliki, kwa hiyo nimezoea kusema chuo cha uchungaji.)

Maneno hayo hayo yananifunga mdomo na mimi. Nikisema nimechoka, naambiwa, "Vumilia, Mama Mchungaji, ni kazi ya Mungu." Kwanza mimi bado si mama mchungaji, mume hata mikono hajawekewa. Pili, kilichonichosha hakina utakatifu wowote. Ni maji. Mtaani kwetu yanatoka kwa mgao, alfajiri, na yakitoka lazima uwe macho ukinge ya siku tatu. Alipokuwepo mume tulikuwa tunapokezana, mmoja anakinga, mwingine anabaki na mtoto. Sasa namwacha mtoto mchanga kitandani nimemzungushia mito, natoka na ndoo masikio yakiwa yamebaki chumbani. Nani ataniambia kuna wito ndani ya ndoo ya lita ishirini?

Na kodi ya nyumba. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwetu Dodoma mwaka 2016, wenye nyumba wamejua thamani ya vyumba vyao. Mume aliacha kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi ili akasome, tukabaki na cherehani. Nashukuru kwamba shule za serikali zilifutiwa ada mwaka huo huo wa 2016 lakini sare hazikufutwa. Ndizo zinazotulisha, Desemba na Januari hasa. Ndiyo maana baba akija likizo ya Krismasi, siku anazopaswa kukaa na mke wake, mke wake anashona mpaka saa saba usiku na yeye ndiye anayeosha vyombo. Anaviosha vizuri, nisimsingizie.

Mama mkwe alikuja kunisaidia, na bila yeye ningeanguka. Asubuhi anawaamsha watoto kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kama anaingia ugenini, anawapikia uji wa uwele, anawafundisha kula mlenda bila kununa. Lakini Dodoma msimu wa mvua ni mmoja. Zikianza Desemba, mtu wa kijijini haangalii nyuma. Usipopanda wakati huo umekosa mwaka mzima. Kwa hiyo msaidizi wangu anaondoka mwezi ule ule ambao wateja wa sare wanapanga foleni. Watu wanaosema "si una bibi yao hapo" hawajui kwamba bibi naye ana shamba linalomwita.

Desemba iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Wa mwisho alizaliwa Machi, baba yake akiwa na mitihani, akamwona akiwa na siku nne, halafu akarudi chuo. Katikati walionana kwenye simu. Kila siku saa mbili usiku bando likiwepo, baba anapiga video, wakubwa wanagombania kioo, wa kwanza anamtaka amtajie herufi za Kigiriki anazozisoma: alfa, beta, gama. Mchanga akawa anaijua simu. Ikiita anatambaa kuifuata. Baba aliposhuka kwenye basi siku mbili kabla ya Krismasi, akamnyanyua, mtoto akapiga kelele kama kanyanyuliwa na mwizi. Mume akajaribu kumwimbia, wapi. Ikabidi nimchukue mimi. Baadaye simu ikaita mezani, mteja tu, mtoto akageuka akainyooshea mikono. Baba yake alikuwa amekaa pembeni yake kabisa. Hakusema kitu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Siku ya tatu tulikwenda wote kliniki, maana miezi tisa ni chanjo ya surua, akambeba yeye. Kwenye mizani alilia, akamng'ang'ania shati. Mume alitembea na ile shati iliyokunjamana siku nzima, akakataa nimpigie pasi.

Sasa niseme la kanisani. Siku ya kumuaga mume wangu, mhubiri alisoma habari za Hana, jinsi alivyompeleka mwanawe Samweli huko Shilo akamtumikie Bwana, na kila mwaka akampelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Watu walinigeukia na kutabasamu, fundi cherehani. Nami nililia, ilikuwa siku nzuri. Tulipewa ndoo, mkeka, kuku wawili na bahasha. Lakini nyumbani nilifungua 1 Samweli sura ya 2 nikaisoma mwenyewe, na nawaomba na ninyi mkaisome. Ile kanzu imekaa katikati ya habari za watoto wa Eli. Juu yake wanapora nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu, chini yake baba yao mzee anawaonya na hawasikii. Baba yao ndiye aliyekuwa kuhani wa mahali pale pale alipopelekwa Samweli. Kwenye sherehe za kuaga tunasoma mistari miwili mitatu ya kanzu, Eli tunamruka. Paulo naye alimwandikia Timotheo kwamba mwangalizi apimwe kwanza kwa nyumba yake. Basi hiyo nyumba nani anaisaidia isimame hiyo miaka mitatu ya chuo? Wale waliomchagua mume wangu walimhoji mara tatu. Mimi sikuulizwa hata swali moja.

Mama mmoja mzee, mjane wa mchungaji, ananihadithia kwamba enzi zao waliishi na waume zao palepale chuoni, wakapewa kipande cha kulima mahindi, na wake nao wakawa na madarasa yao. Cherehani alijifunzia huko. Sisemi turudi huko kote. Mengine wanawake wale walifundishwa kana kwamba walikuwa hawajui hata kupika. Ila watoto walikula na baba yao jioni. Leo tunamtuma mwanamume peke yake kwa kuwa ni nafuu, halafu gharama iliyopungua inalipwa na nani? Tuulize tu kwa sauti.

Mimi sitaki mume wangu aache. Wito wake naujua, nilikuwepo ulipoanza, na nikimsikia akihubiri likizo najua chuo hakijapotea bure. Ninachotaka ni kwamba wanaotuma watume na hesabu ya nyumbani: nani atakaa na watoto siku ya kliniki, nauli ya kuja katikati ya muhula itatoka wapi, na mke aulizwe kabla ya bahasha.

Wa kati sasa amebadilika. Anajua treni ya umeme, aliiona stesheni, na anashikilia kwamba baba angepanda hiyo afike haraka. Nimemweleza inakwenda Morogoro na Dar, Arusha haifiki. Hakukubali. Anasema wajenge.

Jumapili iliyopita mtu aliniambia tena, "Tunawaombea, Mama Mchungaji." Nikamshukuru kwa moyo kabisa. Kisha nikamwambia kwetu maji yanatoka Alhamisi, saa kumi alfajiri, na ndoo ninazo saba.