Kisu kidogo kiunoni mwa mpanda miamba

Gramu 43. Huo ndio uzito wa Spatha ndogo ya Petzl, kampuni ya vifaa vya kupanda: kisu cha kukunja chenye tundu pana la kupitisha karabina, ile pete ya metali yenye kilango ya kuning'inizia vifaa kiunoni, na mabishano ya wapanda miamba kuhusu kisu cha kubeba mara nyingi huanzia na kuishia kwenye tarakimu kama hiyo. Wapo wanaosema hata gramu 43 ni mzigo wa bure, kwa kitu ambacho huenda kisifunguliwe mwaka mzima. Wengine hukipima mkononi, wakakiona cha mtoto, wakasema kama ni kisu basi kiwe kisu: mpini wa kujaza kiganja, au ile zana ya kazi nyingi yenye koleo, inayokaribia robo kilo. Katikati wamebaki wanaochagua kisu kidogo, nao ndio wasioeleweka. Hudhaniwa kwamba wanakimbia uzito tu.

Tarakimu yenyewe haiungi mkono dhana hiyo. Kamba ya mita 60, yenye gramu 60 kwa kila mita, ina kilo 3.6. Kisu cha gramu 43 ni sawa na sentimita 72 za kamba hiyo, kipande kisichotosha hata kufunga fundo la nane la kujifungia kiunoni. Ni sawa na mafunda mawili ya maji. Hakuna atakayeshindwa kufika juu kwa sababu ya gramu hizo, na hakuna atakayefika kwa kuziacha. Uzito huamua jambo jingine kabisa: kisu kitakuwa wapi siku kitakapotakiwa. Kizito humgonga mtu pajani kila anapoinua mguu, hukwama kwenye nyufa, humkera. Safari ya tatu kinahamia kwenye begi, na safari ya nne begi linaachwa chini ya mwamba. Chepesi husahaulika kiunoni, na kwa sababu kimesahaulika, kipo.

Je, kidogo hivyo kinatosha? Kamba iliyokaza si sawa na kamba iliyolala chini. Nyuzi zikiwa zimebeba mtu, makali yakikata chache, mzigo wake unahamia kwa zilizobaki, nazo zinaachia upesi zaidi. Mwaka 1985, kwenye mlima Siula Grande nchini Peru, Simon Yates alikuwa amemshikilia kwa kamba Joe Simpson, aliyevunjika mguu na sasa ananing'inia chini ya ukingo, huku theluji aliyoikalia Yates ikimomonyoka. Alikata kwa kisu kidogo cha mfukoni, na kamba ikaachia makali yalipoigusa tu. Wote wawili waliokoka. Uamuzi wake umejadiliwa vya kutosha. Kinachonishughulisha mimi ni kwamba kisu kilikuwa kwenye begi la mgongoni, na ilibidi akitafute humo huku uzito wa mwenzake ukimvuta kuelekea chini.

Kazi za kawaida ni za utulivu kuliko hiyo. Kubwa ni kuondoa tepe, yaani mikanda ya nyuzi, kuukuu zilizoachwa kwenye nanga za kushukia, pale kamba inapoegeshwa mwambani, zilizopauka kwa jua, na kufunga mpya mahali pake. Hapo hakuna mvutano wa kusaidia, kwa hiyo makali yenye meno yana faida: nyuzi za Dyneema, plastiki imara ambayo tepe nyingi hufumwa kwayo, huteleza chini ya makali laini, lakini meno huzishika. Ubaya wake ni kwamba kuyanoa ni kazi. Kisu chenye meno upande wa mpini na makali laini kuelekea ncha kinatosha.

Wasiotaka kisu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kijikamba cha nailoni kinaweza kukata. Ukikipitisha juu ya tepe na kukivuta huku na huku kwa kasi, joto la msuguano hukusanyika kwenye tepe mahali pamoja, ilhali kwenye kijikamba husambaa urefu wote; tepe huyeyuka, kijikamba kikabaki. Dyneema huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, nailoni ikiwa juu ya 200. Mbinu hii ni ya kweli na kila mpandaji aijue. Lakini inadai mikono miwili, au mkono na mguu, na hapo ndipo inapomwacha mtu. Fikiria anayeshuka kwa kamba, nywele zake au pindo la fulana likavutwa na kuumwa ndani ya kifaa cha kushukia. Mkono mmoja uko kwenye kamba ya breki na hauna ruhusa ya kuachia. Amebakiwa na mkono mmoja, na kichwa kimeinamishwa kwa nguvu.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi, maana fizikia iliyomsaidia Yates ndiyo inayoweza kumuua mtu huyu. Kilichonasa kiko vidole viwili kutoka kwenye kamba kuu, nayo imekaza. Mguso mmoja wa makali unatosha. Wanaosema kisu ndicho kitu hatari kuliko vyote kiunoni hawatii chumvi. Ila jibu langu halibadiliki, na linazidi kukielekea kisu kidogo: bapa fupi lenye ncha butu hukaa pale lilipowekwa, wakati bapa refu lina ncha inayotangulia kufika kusikotakiwa. Kabla ya kukata, kama ana namna yoyote ya kujifunga kwa njia ya pili, ajifunge kwanza. Halafu makali yaelekee mbali na kamba, daima.

Kwa hiyo kipimo changu ni mkono mmoja. Opinel, kisu cha kukunja cha Kifaransa chenye mpini wa mti, ni kizuri na chepesi, na pete yake ya kufungia bapa, iliyoongezwa mwaka 1955, ni salama. Lakini kukifungua kunahitaji mikono miwili, kwa hiyo kwangu ni kisu cha kukatia mkate kambini. Kinachofaa kinafunguka kwa kidole gumba, kinajifunga kisijikunje juu ya vidole, na hakiwezi kujifungua chenyewe kikisuguana na mwamba. Wapenda visu vikubwa wana haki mahali pa baridi kali, ambapo glavu nene huufanya mpini mdogo upotee kiganjani. Na kwenye njia fupi zenye boliti zilizokazwa mwambani, ambapo mshika kamba anakushusha hadi chini, sina ugomvi na asiyebeba chochote.

Popote kwingine kifungwe kwa uzi imara, mrefu kiasi cha mkono ulionyooshwa, ili kikiponyoka kisimwangukie aliye chini. Na kabla ya kuondoka nyumbani mtu ajaribu kukifungua kwa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, macho yakiwa yamefumbwa.