Mwenye mabasi aitwe kabla ramani haijachorwa

Mtaa mpya ukijengwa na barabara zake zikaishia ukutani, hakuna dereva atakayepitisha basi humo. Shirika la usafiri litaambiwa lipeleke huduma, nalo halitakuwa na la kufanya ila kuzunguka. Kwenye ramani mzunguko huo ni mdogo. Kwenye ratiba ni balaa. Chukua ruti ambayo basi huimaliza kwa dakika 60, kwenda na kurudi, mapumziko ya dereva yakiwemo. Ili basi lipite kila baada ya dakika 15, yanatosha manne. Ongeza dakika 5 tu za kuzunguka, na manne hayatoshi tena: ama liletwe la tano na madereva wake, ama abiria wasubiri zaidi. Na gharama hiyo italipwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, na watu ambao hata hawakuulizwa wakati mtaa unachorwa.

Hili linaniuma kwa sababu linazuilika. Wakala wa mipango wa jiji na viunga vyake anajua nyumba zitajengwa wapi miaka 10 ijayo. Shirika la mabasi linajua abiria wanarundikana wapi leo, saa ngapi, na kwa nini. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Marekani, sheria ya barabara ya 1962 iliitaka miji yenye watu zaidi ya 50,000 ipange usafiri kwa pamoja ndipo ipate fedha za serikali kuu. Siku hizi wakala wa mipango wa kila eneo hutunga mpango wa angalau miaka 20, pamoja na orodha ya miradi ya miaka 4. Mradi usipokuwa kwenye orodha, haupati fedha hizo. Lakini ilibidi kungoja hadi 2012 ndipo sheria ikatamka kwamba bodi za mawakala hao, katika maeneo yanayozidi watu 200,000, lazima ziwe na wawakilishi wa usafiri wa umma. Nusu karne nzima! Na hata sasa, kiti kimoja kati ya mameya wengi hushindwa kura kirahisi.

Hamburg, Ujerumani, walianzia upande wa pili: mwaka 1965 mashirika ya usafiri yenyewe yaliunda umoja, yakaja na tiketi moja na ratiba zinazooana.

Mimi ningeanza na sharti moja. Kibali cha mtaa mpya kisisainiwe mpaka shirika la usafiri liandike kama basi litapita, na huduma hiyo itagharimu kiasi gani kwa mwaka.