Gari ya spoti ya zamani umeshanunua, rimu ziache kwanza

Kitu cha kwanza watu wengi wanachofanya wakishanunua gari ya spoti ya zamani ni kutafuta rimu, au ekzosi ya kuunguruma, na nawaelewa kabisa jamani, gari umeiwaza miaka na miaka afu leo funguo iko mfukoni, lazima utake ipendeze. Lakini mimi msimamo wangu ni mmoja, hela ya kwanza yote iende kwenye vitu vya mpira na vitu vya majimaji. Hizi gari nyingi haziuliwi na kilomita, zinauliwa na miaka.

Yangu ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililoonyeshwa Chicago mwaka 1989, kuna wanaoijua kwa jina la Eunos Roadster, injini ni ya lita 1.6 na taa zile za kuinuka. Aliyeniuzia sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haijatembea, imekaa tu ndani imefunikwa. Na kweli haijatembea. Ila mpira hauhesabu kilomita, uwe unatembea au umepaki unakauka tu, na mafuta ya breki yanazidi kunyonya unyevu hata kama gari haijatoka ndani mwaka mzima. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia gari ya miaka thelathini ina kilomita chache, swali langu linalofuata ni lini mara ya mwisho imebadilishwa hiki na kile, na kama hana risiti nahesabu kwamba haijawahi kubadilishwa, basi, hatugombani.

Chukua tairi. Zangu kashata, yaani yale meno ya tairi, zilikuwa zimejaa, ukiangalia umesimama unasema mpya hizi. Nikachuchumaa na tochi nikatafuta zile namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni, nikakuta 1410. Maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2010. Nikaukandamiza ubavu kwa dole gumba, vikafunguka vimistari vyembamba kama nyufa za udongo mkavu, kuzunguka tairi zima. Hilo tairi kwenye kona yenye maji litakuachia bila taarifa, na gari yenyewe ni nyepesi, injini mbele, inasukuma nyuma, halafu kwa umri wake haina mfumo wowote wa kuzuia isiteleze kama hizi za kisasa. Sikuendesha tena mpaka nimeweka tairi nyingine.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende pamoja, ndo hapo watu wengi wanajidanganya. Mazda walipanga ubadilishwe kwenye kilomita kama laki moja, sasa mtu anaona yake ina elfu sabini anasema bado sana. Bado kwa kilomita, kwa miaka ulishapita zamani! Nilipofungua kava ya juu nikaukunja kidogo kwa vidole nikaona nyufa kwenye mizizi ya meno. Injini hii ya 1.6 ina bahati moja, mkanda ukikatika pistoni na valvu hazikutani, gari inazima tu njiani unavutwa. Mwenye Porsche 944, zile zilizotengenezwa 1982 mpaka 1991, hana hiyo bahati, mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu zinapinda na hapo unafungua silinda hedi nzima, na ile ina mkanda wa pili kabisa wa shafti za balansi, zile za kupunguza mtetemo wa injini, nao unatakiwa uangaliwe. Ukishafungua huko badilisha pampu ya maji, beringi za kukazia na sili za mafuta hapohapo, kwa sababu kazi kubwa ni kufika pale, vyenyewe vidogo tu.

Breki sasa, na hapa naomba unisikilize. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 (hii DOT si ile namba ya tairi) yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 155. Ukiteremka mlima unakanyaga kanyaga, kalipa, zile zinazobana pedi kwenye diski, zinapata moto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unaminyika, pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Yangu yalitoka ya kahawia na vichembe vyeusi chini ya kopo, na vile vichembe ni mpira unaomong'onyoka humo ndani, kwa hiyo nikabadilisha na mipira minne yote ya kupitishia mafuta ya breki. Kuna fundi aliniambia kama haivuji usiiguse. Namheshimu, mkono wake mzuri, ila kwa breki sikubaliani naye hata kidogo. Kila miaka miwili mwaga weka mapya.

Oili ya injini sina mengi, mwaga, badilisha filta, tembea kidogo halafu mwaga tena mapema maana ile ya kwanza inatoka na uchafu wa miaka. Hizi Mazda zikiwaka asubuhi zinagonga tik tik tik juu, ni zile tapeti za kusukuma valvu, za kujirekebisha zenyewe kwa mgandamizo wa oili, vitundu vyake ni vidogo vinaziba. Utashauriwa uweke oili nzito ili inyamaze. Usiweke, weka ya kipimo cha kitabu na iwe safi, yangu ilinyamaza kwenye oili ya pili. Giaboksi na difu, ile ya kugawa nguvu kwa tairi za nyuma, navyo usivisahau, na kabla hujafungua nati ya chini ya kumwagia hakikisha kwanza ya juu ya kujazia inafunguka, la sivyo utamwaga oili yote halafu ujikute huna pa kuijazia na gari iko juu ya stendi.

Kama gari yako ni ya paa la turubai kama yangu, mimina maji taratibu kwenye kona za nyuma turubai linapoishia, uangalie kama yanatoka chini ya gari. Yangu upande wa kulia hayakutoka. Majani yalikuwa yameoza yameziba tundu la kutolea maji, na maji yote ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye boksi la chini ya mlango, huko ndiko kutu ya hizi gari inakoanzia, mbele kidogo ya tairi la nyuma, na ukija kuiona nje ujue ndani imeshakula sana. Nilitumia waya laini uliofunikwa plastiki nikalizibua, ikamwagika ndoo nzima ya tope jeusi.

Kilichobaki ni hendibreki. Jana nimetembea kama nusu saa bila kukanyaga sana breki, niliposimama nikasogeza mkono karibu na kila rimu, ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kuliko zote, kwa hiyo kalipa ile, ambayo ndiyo hendibreki inayoivuta, inang'ang'ania. Jumamosi naifungua.