Baba Anapousia, Mwana Anapokumbuka

Katika mashairi ya baba na mwana, kwa kawaida mmoja ndiye msemaji, na ukishajua nani kashika kalamu umeshajua mengi. Baba akiishika, huusia. Mwana akiishika, hukumbuka. Sisi tuliokua na tenzi tumezoea zaidi sauti ya kwanza: Shaaban Robert alimtungia mwanawe wa kiume utenzi wa Adili, kama alivyomtungia binti yake ule wa Hati, na msomaji wa Kiswahili haoni ajabu baba kupanga beti kwa beti namna ya kuishi na watu.

Kwa Kiingereza, wasia unaojulikana zaidi ni shairi la "If—" la Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, lililochapishwa mwaka 1910. Ni mistari 32 ya masharti: ukiweza kutulia wenzako wamepagawa, ukiweza kupoteza vyote ukaanza upya bila kunung'unika. Mwisho kabisa ndipo mtoto anaahidiwa kuwa mwanamume. Wapo wanaolidharau wakisema ni mahubiri. Mimi nalitetea. Baba anajua hatakuwepo siku zote, basi anamfungia mwanawe masurufu ya safari, na huo ni upendo.

Ila mtoto mwenyewe hasikiki. Hatujui anaogopa nini wala anataka nini. John, mwana wa Kipling, alikuwa haoni vizuri na jeshi lilikuwa limemkataa. Baba akatumia kujuana kwake na wakubwa mpaka akapokelewa katika Irish Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza. Aliuawa Loos, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Ukishalijua hilo, masharti yale huyasomi tena kwa utulivu. Baba mwenyewe, katika beti za makaburi ya vita alizozichapisha mwaka 1919, aliwaacha wafu waseme kwamba wamekufa kwa sababu baba zao walidanganya.

Robert Hayden, mshairi Mmarekani mweusi aliyekulia Detroit, anasimama upande wa pili. Shairi lake "Those Winter Sundays" la mwaka 1962 lina mistari 14 na halina nasaha hata moja. Baba anaamka hata Jumapili, kungali giza na baridi kali, na kwa mikono iliyopasuka kwa kazi za wiki nzima anauchochea moto. Vyumba vikishapata joto ndipo anamwita mtoto. Mtoto anaamka kwa kujivuta, anazungumza naye kama mtu asiyemjali, na baba huyo ndiye aliyeifukuza baridi na kuving'arisha viatu vya mtoto vya kutokea. Hakuna aliyewahi kumshukuru. Viatu hivyo haviniondoki akilini. Wala Hayden hamsafishi baba: anataja hasira za nyumba ile, na mtoto alivyoziogopa. Jambo moja shairi halilisemi: waliomlea Hayden hawakuwa wazazi wake wa kumzaa.

Hata hivyo mwana naye ana nafasi ambayo baba hana. Anasema akiwa mtu mzima, na baba hawezi kujibu. Tazama "My Papa's Waltz" la mshairi Mmarekani Theodore Roethke, la mwaka 1942. Baba ananuka wiski, anamchezesha mtoto mpaka sufuria zinaporomoka jikoni, na sikio la mtoto linakwaruzwa na bizimu ya mkanda. Wapo wasomaji wanaoona furaha ya nyumbani, na wapo wanaoona ukatili. Nadhani wote wameona kilichomo. Mtoto anapelekwa kulala angali amelishikilia shati la baba, na mtu humng'ang'ania hivyo anayempenda, au anayeogopa kudondoshwa naye.

Nikitakiwa kuchagua, nachukua la Hayden, kwa kuwa anayeulizwa humo ni msemaji mwenyewe. Kipling anampima mwana kama atafaulu. Hayden amekwisha kuwa mtu mzima, na katika mstari mmoja anajiuliza mara mbili: nilijua nini, nilijua nini, juu ya kazi kavu za upweke ambazo upendo humwamsha mtu alfajiri kuzifanya?