Bunduki Imelainika, Mfuko Umekauka

Lubumbashi hii ukikohoa mara mbili, watu watano watakuandikia dawa na wa sita ataanza kuulizia bei ya jeneza. Sasa wewe jaribu kuwa na bunduki ya upepo inayokokika kwa shida, uiweke hadharani Katuba Jumapili jioni, uone madaktari watakavyojaa.

Biashara yangu haina siri. Ubao, maputo, bunduki moja ya springi, ile unayoikoki kwa kukunja mtutu. Risasi tatu kwa franka elfu moja. Ukipasua maputo matatu unapewa chupa ya sukre, yaani soda, unakwenda zako. Lakini mwanaume wa huku akishika bunduki, hata ya maputo, kidevu kinapanda chenyewe, anaanza kusema na mimi kijenerali.

Ujenerali wenyewe ulikuwa unaishia kwenye kukoki. Ukikunja mtutu, ndani kulikuwa kunalia krrrrr, kama mtu anaburuta kitanda cha chuma kwenye sementi usiku wa manane. Ukifika katikati, inagoma. Kuna papa mmoja alitoka misa na tai yake, akaegemeza kitako tumboni, akakunja, shingo ikatoa mishipa, akamtazama mkewe, akanirudishia: "Hii kintu imekufa." Haijafa, papa! Ni wewe uliyekuwa karibu!

Kijana wa mazoezi, yule anayevaa singlendi hata Juni asubuhi tukiwa tunatetemeka, yeye alikuwa anaipenda hivyo hivyo. Anaikoki kwa mkono mmoja mbele ya wasichana, anapiga risasi ukutani, analipa, anaondoka ameridhika. Mteja bora niliyewahi kuwa naye. Tatizo lake ni moja: akishakunja anaachia mtutu, anasukuma risasi kwa kidole, mtutu unaning'inia. Nampigia kelele, shika mtutu, wee! Pale kinachozuia springi nzima ni kajino kadogo ka kifyatulio kalikonasa pistoni, kile chuma kinachosukumwa na springi. Kakiteleza, mtutu unaruka juu kujifunga, na kidole chako kiko mlangoni. Ananijibu, "Mukubwa, usiogope." Kidole ni chake, lakini maswali ya polisi ni yangu.

Turudi kwa madaktari. Mama anayeuza mawese jirani: "Papa, tia mawese kidogo, itateleza." Mawese! Tufukuze nzi au tupige maputo? Shemeji yangu akaja na msumeno: springi ni ndefu, tukate mizunguko miwili. Mwambie springi ukiikata ovyo ncha inabaki ya mshazari, inakaa upande, inajipinda na kukwaruza pistoni kutoka ndani, anakwambia wewe unaogopa maendeleo. Na springi ile hata bunduki ikiwa imelala haijalegea, imefungwa humo ikiwa tayari imebanwa. Ukifungua kifuniko cha nyuma bila kuikandamiza kwa kibanio, inakurukia kifuani. Msumeno nilimwambia aupeleke kwa mke wake.

Aliyenishinda ni dereva wa lori la Kasumbalesa. "Miminia mazuti, hii dizeli, kwenye tundu la upepo." Mtu analala juu ya injini ya mazuti miaka yote, hajajiuliza mle ndani kunawakaje bila cheche! Hewa ikibanwa kwa ghafla inapata moto, mafuta yanawaka yenyewe. Bunduki ya springi nayo ni hivyo hivyo: pistoni inabana hewa, mafuta yakiwemo yanalipuka, raba ya mbele ya pistoni inaungua, na springi inarudishwa kwa kishindo mpaka inavunjika. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma, akasema basi weka kidogo.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa vyuma, mstaafu wa migodini. Huyu hashauri. Anataja bei kwanza, ndipo anavaa miwani. Akaikunja polepole, sikio karibu na chuma, akasema, "Springi haina kosa. Hii ni msuguano."

Alikuwa na kibanio cha mbao na nondo yenye nyuzi, akaifungua taratibu bila kitu kuruka. Akanionyesha ule mkono mwembamba wa chini, unaoshika mtutu na kusukuma pistoni nyuma ukikunja. Ubavuni ulikuwa na mstari unaong'aa, chuma kimekula chuma. Mwanya wa silinda unamopitia mkono ule ulikuwa na kingo zenye meno; kucha yangu ilikwama hapo. Akazipitisha tupa ndogo, kisha msasa laini, mpaka kucha ikapita. Ncha za springi nazo akazisugua zikawa kioo, kwa sababu springi ikibanwa inajisokota, na ncha yenye makovu inang'ang'ania. Akaweka wosha mbili laini chini yake ijizungushe kwa raha. Kile kijiti cha katikati kinachoongoza springi kilikuwa kinacheza, ndiyo maana kila risasi ilikuwa na mlio wa gitaa. Akachonga kingine cha plastiki ngumu, kinabana kidogo.

Halafu grisi nyeusi ya molibdeni. Nilidhani atapakaa kama siagi kwenye mkate wa bosi. Wapi! Nyembamba mno, nyuma ya pistoni, kwenye mkono, na kwenye pini ya mtutu. Mbele ya raba, hata tone. Pini akaikaza mpaka, ukishakoki, mtutu ukae pale pale unapouacha, usianguke wenyewe.

Uzito wa springi haukupungua, maana ni ile ile. Kilichoondoka ni krrrrr na kule kugoma katikati. Inakunjika mfululizo mpaka unasikia tak ya kifyatulio. Kwa puto ilikuwa na nguvu za kutosha tangu zamani. Puto langu linapasuka hata ukilitazama vibaya.

Haya, nimelipa, nimefurahi, Jumapili nimefungua. Na hapo ndipo kilio changu kilipoanza.

Zamani mtu alikuwa akimaliza kukoki mikono inamtetemeka, pumzi juu juu, risasi inakwenda kwa jirani. Mimi nilidhani nauza shabaha, kumbe nilikuwa nauza uchovu! Sasa wanakunja wametulia, wanalenga wametulia, pa, pa, pa. Yule papa wa tai alibeba sukre mbili, moja ya mkewe. Mama wa mawese, ambaye hata nambari za simu anasomewa na mjukuu, alipiga matatu kwa matatu, akaniuliza kama kuna ya baridi zaidi. Kijana wa mazoezi aliikoki, wasichana hawakugeuka, kwa sababu dada yake mdogo alikuwa ameshaikoki kabla yake. Hajarudi mpaka leo.

Nimemfuata mzee fundi, kwa heshima zote, kumuuliza kama anaweza kuirudishia ugumu kidogo, ule wa katikati tu. Amevaa miwani, ameniambia kukwaruza ni kazi ya usahihi kuliko kulainisha, kwa hiyo bei ni mara mbili, na nusu natanguliza.