Pimeni mvua ya kwanza
Makala moja inasema maji ya mto yalipimwa kiangazi yakaonekana salama, hivyo vumbi la mabaki ya mgodi halina neno. Kipimo hicho hakitoshi. Kiangazi vumbi linatua tu kwenye majani na mitaro. Ule ukoko mweupe juu ya lundo la mabaki mara nyingi ni chumvi za salfeti, unayeyuka ukiguswa na maji. Mvua ya kwanza ndiyo inayosomba vyote mtoni, asidi na metali pamoja. Chukueni sampuli za maji ya mto mvua hiyo inaponyesha, chupa mbili: moja ichujwe palepale kwa kichujio cha mikromita 0.45, nyingine isichujwe, ndipo zitiwe asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2. Mkitanguliza asidi kabla ya kuchuja, chembe zinayeyuka na majibu yanadanganya. Mkipima iliyochujwa peke yake, metali ya risasi iliyoshikamana na vumbi hamtaiona.